Mashuka ya Buluu na Feni ya Mlimani

Mashuka arobaini ya wodi ya wazazi yalirudi Jumatatu saa tatu asubuhi, na kati yake ni manne tu yaliyokuwa yametandikwa. Aliyeyaleta ni muuguzi mkuu wa hospitali mwenyewe, mama wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Sista. Hilo peke yake lilimtosha Kimya kujua kwamba mambo yameharibika. Siku zote mzigo wa hospitali uliletwa na dereva, na dereva hakuwahi kukunja uso namna ile.

"Bi Pepe," Sista akasema, huku akiutua mzigo juu ya meza ya kupigia pasi, "umetaka kutuua kwa presha."

Bi Pepe lilikuwa jina la utani la shangazi yake Kimya. Alilipata kwa sababu nguo zikitoka mikononi mwake huwa nyeupe pepepe, hata watu wakimpa zilizochakaa huzipokea kama zimetoka dukani. Alikuwa dobi kwa miaka ishirini na mitano, uani kwake, kwa mabeseni saba na tangi moja kubwa la maji ya mvua. Kimya naye alikuwa mtoto wa kaka yake. Alilelewa katika ua huo tangu akiwa na miaka sita, na sasa akiwa na ishirini na miwili ndiye aliyekuwa mkono wa pili wa kazi. Jina lake halikuhitaji maelezo. Wakizidi watu wawili, sauti yake huingia mitini.

"Juzi kazaliwa mtoto," Sista akaendelea, "mzima, ana mapafu ya kuuzia samaki sokoni. Tukamlaza kwenye shuka lako. Muuguzi wangu kumtazama hivi, midomo ya buluu! Mashavu ya buluu! Akapiga ukelele, daktari akaja mbio na kiatu kimoja. Tukamwekea mtoto mashine ya hewa. Yeye anatukodolea macho tu, kama anauliza hawa wana nini. Tukamnyanyua, rangi ikamrudi. Tukamlaza, buluu tena. Ndipo daktari akasema, jamani, mgonjwa hapa ni shuka."

Kimya aliziba mdomo kwa kiganja asicheke. Shangazi hakucheka hata kidogo. Alilikunjua shuka moja, akalipeleka juani, akaligeuza upande huu na upande ule. Halikuwa la buluu ya kutisha. Lakini ukilitazama kando ya kitu cheupe, lilikuwa limeelekea huko kabisa.

"Mkono wangu haujabadilika, Sista," akasema kwa sauti ndogo.

"Sijui kuhusu mkono. Mimi kwa watoto wachanga rangi ya ngozi ndiyo kipimo changu cha kwanza, siwezi kukaa nabishana na shuka. Nakuheshimu, ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Nakupa mpaka Ijumaa adhuhuri. Yakirudi hivi tena, nguo zote za hospitali zitakwenda kufuliwa kwenye mashine kule mjini."

Kabla hajamaliza, kichwa cha fundi cherehani kilichomoza juu ya ukuta. Fundi alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, na masikio yake yalifanya kazi saa nyingi kuliko cherehani yake.

"Si niliwaambia?" akasema. "Si niliwaambia? Ni ile Feni!"

Feni ulikuwa mtambo wa upepo uliosimama mlimani nyuma ya shule, mrefu kuliko mnara wa simu, wenye mapanga matatu meupe yaliyozunguka polepole kama mtu anayejifikiria. Uliwashwa mwaka mmoja na miezi miwili nyuma, na siku hiyohiyo likazimwa jenereta kubwa la dizeli lililokuwa likinguruma usiku na mchana, tangu kabla Shangazi hajaanza udobi, katika banda la mabati, mwisho kabisa wa ua wa Shangazi. Mtaa ulisherehekea. Fundi peke yake ndiye aliyekuwa na malalamiko. Kwanza alidai kuku wake wametiwa kizunguzungu. Halafu akalalamikia vyura. Tangu mafuta machafu yalipoacha kumwagwa kwenye mtaro, vyura walirudi kwa mamia, na Fundi alisema afadhali jenereta, kwa sababu jenereta halikuwa na mashairi.

"Feni imefanyaje?" Sista akamuuliza.

"Fikirini wenyewe. Mapanga yale yanakata mbingu kutwa kucha. Ukikata kitu, unga lazima umwagike. Mbao zina unga wake. Sasa mbingu ina rangi gani?"

"Na ikikata mawingu inamwaga nini, Fundi? Pamba?"

"Cheka tu, Sista. Alhamisi kuna mkutano wa mtaa, na mimi nitasimama kuomba Feni izimwe, jenereta letu liwashwe. Nilichokuwa nakosa ni ushahidi." Akanyoosha kidole kwenye shuka. "Jirani, njoo na hilo. Wewe ukisema, watu wanasikiliza."

Kimya alitegemea Shangazi amtimue kwa maneno mawili, kama kawaida. Badala yake Shangazi alilikunja shuka taratibu, pembe kwa pembe, akasema, "Nitakuja."

Hapo ndipo Kimya alipoacha kutaka kucheka. Alimjua shangazi yake kuliko alivyojijua mwenyewe. Shangazi hakuamini habari za unga wa mbingu. Ila kama kosa halikuwa la Feni, basi lilikuwa la mkono wake, na mkono huo ndio kitu pekee duniani alichokuwa akijivunia.

Siku nzima ya Jumanne waliyarudia mashuka yote arobaini. Waliyaloweka, wakayapiga sabuni, wakayasuuza mara mbili mpaka buluu yote ikatoka. Kisha likaja beseni la mwisho, lile ambalo Kimya hakuwahi kuruhusiwa kulishika. Kila dobi anajua kwamba nguo nyeupe hutaka tone la buluu ya kufulia ili manjano ifichike. Madobi wengine huhesabu vijiko. Shangazi hakuhesabu kitu. Alijaza beseni maji ya tangi, akakilaza kiganja chake cha kushoto chini kabisa, na kwa mkono wa kulia akatikisa kijifuko cha kitambaa chenye buluu. Alitikisa na kutazama, akatikisa na kutazama, mpaka mistari ya kiganja ilipopotea. Hapo akaacha. Mama yake ndiye aliyemfundisha hivyo.

"Kiganja hakidanganyi," akasema, kama alivyosema maelfu ya mara.

Jioni mashuka yalipokauka, yalikuwa ya buluu vilevile.

Shangazi aliketi kizingitini akashika tama. Kimya alikwenda kuweka kijifuko mahali pake, na alipofungua boksi la pakiti za buluu akashtuka. Lilikuwa limebaki na pakiti mbili. Boksi hilo alilinunua yeye mwenyewe wiki mbili zilizopita, na zamani boksi moja liliwapeleka mwezi mzima na siku zikasalia. Alilitikisa, akalichungulia chini, akaona aibu kana kwamba ni yeye aliyezila.

Jumatano asubuhi alikuja Dizeli kusafisha tangi. Dizeli ndiye aliyekuwa akiendesha jenereta kwa miaka kumi na mitatu, na jina lilimganda pamoja na harufu. Sasa alikuwa mwangalizi wa Feni, akipanda juu kwa kamba na kopo la grisi. Lakini kila mwaka kabla ya mvua alikuja kumfagilia Shangazi tangi, kwa heshima ya ujirani.

"Nimesikia mnataka kunizimia mtambo," akasema, akivua viatu. Alikuwa akitabasamu, ila tabasamu lenyewe halikufika machoni. "Kimya, unajua mke wangu sasa ananikumbatia kabla sijaoga? Miaka kumi na mitatu nilikuwa naoga kwanza. Unataka nirudi kule?"

Kimya alitikisa kichwa, hataki.

"Na shangazi yako, kile kikohozi cha alfajiri kiko wapi? Ulishawahi kujiuliza?"

Kimya hakuwahi. Kikohozi kiliondoka polepole, kama mgeni asiyeaga.

Dizeli akafunua tangi, akaingiza ndoo mpaka chini. Mwaka jana walitoa ndoo nne za tope jeusi kama lami. Moshi wa jenereta ulitua juu ya bati, mvua ikauosha bati, masizi yote yakaishia tangini. Safari hii ndoo ilitoka na majani makavu na chura mmoja aliyeonekana kukerwa.

"Hebu njoo uone," Dizeli akaita. "Sakafu ya tangi! Mimi sijawahi kuiona sakafu ya tangi hili likiwa na maji tangu lijengwe."

Kimya alipanda kigogo akachungulia. Maji yalikuwa angavu mpaka akaona unyayo wa mjenzi uliogandia kwenye saruji, vidole vyote vitano. Akabaki ameinama pale kwa muda mrefu, hata Dizeli akamuuliza kama kuna alichodondosha.

Hakuwa amedondosha kitu. Alikuwa ameokota. Zamani maji yalikuwa na giza lake mwenyewe. Yaliingia kwenye beseni yakiwa tayari na masizi, kwa hiyo buluu kidogo tu ilitosha kuificha mistari ya kiganja. Mvua baada ya mvua bati likaoshwa, na sasa maji yalikuwa safi kabisa, na ili mistari ipotee Shangazi alilazimika kutia buluu mara mbili, mara tatu. Mkono haukukosea. Wala Feni haikumwaga chochote. Ilikuwa imeondoa.

Kujua lilikuwa jambo moja, kumwambia Shangazi lilikuwa jambo jingine. Mchana alimfuata jikoni.

"Shangazi."

"Nini, mwanangu?"

"Chai... imepoa."

Jioni akajaribu tena, akaishia kuuliza kama wanunue vibanio vipya vya nguo. Atamwambiaje mama aliyemlea kwamba kipimo chake cha miaka yote hakifai tena? Usiku aliyapanga maneno vizuri kabisa. Asubuhi yaliyomtoka yalikuwa shikamoo tu.

Alhamisi akaenda bandani kwa Dizeli na mkebe mtupu, akamwomba amkwangulie masizi kwenye bomba la jenereta la zamani.

"Unataka kupika nini na uchafu huu?" Dizeli akashangaa.

"Maji ya zamani," Kimya akajibu, akaondoka haraka kabla hajaulizwa la pili.

Mkutano ulikuwa saa kumi. Saa tisa na nusu Shangazi alitoka chumbani amevaa gauni lake la heshima na kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi, shuka la buluu chini ya kwapa. Kimya alikuwa amesimama katikati ya njia ya kwenda getini. Nyuma yake yalikuwa mabeseni mawili yaliyojaa maji.

"Nipishe, mwanangu, Fundi ananisubiri."

Kimya akajikaza kisabuni. "Shangazi, naomba... unitilie buluu kwenye haya. Yote mawili."

"Sasa hivi? Na gauni hili?"

"Kwa kiganja. Kama kawaida yako. Mimi nitahesabu."

Kulikuwa na kitu usoni mwake kilichomfanya Shangazi aweke shuka chini, akunje mikono ya gauni na kuinama. Katika beseni la kwanza Kimya alikuwa amekoroga masizi kidogo tu, maji yakafanana kabisa na yale waliyofulia miaka yote. Shangazi akalaza kiganja, akatikisa kijifuko.

"Moja," Kimya akahesabu. "Mbili. Tatu."

Ilipofika tisa, mistari ikapotea. Shangazi akaacha mwenyewe.

Beseni la pili lilikuwa na maji ya tangi kama yalivyo. Tisa ikapita. Kumi na tano ikapita. Kadiri hesabu ilivyopanda ndivyo mkono wa Shangazi ulivyozidi kwenda polepole, na ilipofika ishirini na sita ukasimama kabisa. Akautoa majini ukichuruzika.

"Umehesabu sawasawa?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Buluu ni ileile?"

"Ileile. Kijifuko ni kilekile."

Kimya akachovya leso nyeupe katika kila beseni. Kisha akajaza beseni la tatu maji safi, akatikisa kijifuko mara tisa, akachovya leso ya tatu. Akazitandaza zote ukutani penye jua, wakasubiri. Jua lilikuwa kali, hazikuchukua muda. Ya pili ilikuwa ya buluu. Ya tatu ilikuwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho.

Shangazi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na gauni lake lote la heshima.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Si wewe!" Sauti ilimtoka Kimya kubwa kuliko alivyokusudia. "Mkono wako ni uleule, Shangazi. Hukukosea hata mara moja. Maji ndiyo yaliyobadilika. Yamekuwa safi. Moshi haupo tena, masizi hayapo, unahitaji buluu theluthi moja tu, na hukujua kwa sababu hakuna aliyekwambia, na mimi nilijua tangu jana nikakuambia habari za chai."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema kwa pumzi moja. Shangazi alikuwa ameinuka, ameisogelea leso ya kwanza, ile ya maji ya zamani. Akaishika, akaiweka kando ya ile ya tatu. Ilikuwa ya kijivu. Kijivu hafifu, cha heshima, lakini kijivu.

"Hebu subiri," akasema. "Hii ndiyo niliyokuwa naita nyeupe?"

Kimya akaitikia kwa kichwa.

"Miaka ishirini na mitano? Hii? Na jina wakanipa?"

Mabega yake yakaanza kutikisika. Kimya alidhani analia, akamkimbilia. Kumbe Shangazi alikuwa anacheka, kicheko cha kuvunja mbavu, mpaka akaushikilia ukuta asianguke. "Bi Pepe! Jamani, Bi Majivu! Nimeozesha mabibi harusi wangapi na mashela ya kijivu!"

Walifika mkutanoni wamechelewa. Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa, na Fundi alikuwa amesimama mbele, anaelezea unga wa mbingu kwa mikono miwili. Dizeli alikuwa mstari wa nyuma, kofia magotini, kama mtu anayesubiri hukumu.

"Huyo hapo shahidi wangu!" Fundi akashangilia. "Bi Pepe, waonyeshe walichotufanyia."

Shangazi akaenda mbele, akawaita Kimya na Dizeli wamsaidie kuziinua leso tatu, kila mtu yake. Kimya akaiinua yake mpaka mstari wa nyuma wakaiona. Shangazi akaeleza yote, habari ya kiganja, habari ya tangi, tisa na ishirini na sita.

"Ya kijivu ndiyo tuliyokuwa tunavaa," akamalizia. "Na kama masizi yalikuwa kwenye shuka, basi yalikuwa kifuani mwangu pia, na kifuani mwenu. Mimi nilikuwa nakohoa kila alfajiri, sasa nimesahau hata kukohoa kukoje. Ya buluu ni kosa langu, kwa kuwa nilikuwa bado napigana na uchafu ulioshaondoka. Kwa hiyo mwenyekiti, kama lazima kuna wa kuzimwa leo, nizimeni mimi, Feni iacheni."

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha makofi. Fundi akatazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono.

"Na vyura je?" akauliza.

"Fundi," mwenyekiti akasema, "vyura hawana swichi. Keti."

Fundi akaketi, na tumpe haki yake, naye akapiga makofi mawili.

Ijumaa walianza kazi jua linachomoza. Safari hii Shangazi alitikisa kijifuko huku Kimya akihesabu, na kila mara ilipofika tisa alilalamika. "Yaani niache hapa? Kiganja changu nakiona chote, mpaka kucha! Najiona kama napika kwa kijiko cha mtu mwingine." Lakini aliacha. Ilipofika beseni la tano hakulalamika tena, na la saba akamsukumia Kimya kijifuko. "Tikisa wewe. Mimi nitahesabu, nione kama utanidanganya."

Sista alifika adhuhuri, amekunja uso wa tahadhari. Hakusalimia kwanza. Alitandaza shuka moja mezani, akaweka mkono wake juu, akazitazama kucha zake kwa makini, akautoa, akauweka tena. Halafu akamwita dereva kutoka garini, naye akaambiwa aweke mkono.

"Mimi sijambo, Sista," dereva akasema kwa wasiwasi.

"Nyamaza, nakupima." Hatimaye uso ukakunjuka. "Bi Pepe, hata siku zile za sifa zako hayakuwa hivi."

"Siku zile nilikuwa nakuuzia kijivu kwa bei ya nyeupe," Shangazi akajibu.

"Basi nitakuletea na mapazia. Wodi zote tatu."

Gari lilipoondoka Shangazi aliangalia kamba zake za kuanikia, akaanza kuhesabu kwa vidole. Hazikutosha. Upande mmoja tu wa ua ndio uliokuwa haujawahi kuanikwa nguo, ule ulioelekea banda la jenereta. Hata soksi haikuthubutu kukaa kule. Nusu saa baadaye Dizeli alikuwa juu ya ngazi, anapigilia msumari kwenye nguzo ya banda, na Kimya chini akimwelekeza.

"Juu kidogo!" Kimya akapaza sauti. "Juu, Dizeli, mapazia yatagusa chini!"

Kamba ikakazwa. Shangazi akachagua shuka moja la nyumbani lililokuwa bado na maji, akalitundika yeye mwenyewe hatua tatu tu kutoka kwenye bomba lililokuwa likitema moshi. Kisha wote watatu wakarudi nyuma wakasimama kulitazama, kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Upepo ulilijaza shuka likavimba, likatulia, likavimba tena. Ikapita robo saa. Shangazi akalisogelea, akalipitishia vidole kutoka juu mpaka chini, akavitazama vidole vyenyewe, mbele na nyuma: havikuwa na masizi hata chembe.

"Haya," akasema. "Leteni mengine."